Usiuze bahasha ya kale kabla hujausoma muhuri

Leo ni zamu ya mnaouza vitu vya kale mtandaoni: sarafu, picha, barua za mababu.

Ukipata bahasha ya enzi za Mjerumani, wengi wanaitazama stempu tu. Mimi naanza na muhuri wa posta. Stempu moja ilitumika koloni zima, ila muhuri unakwambia barua ilipita posta gani, tarehe gani. Posta ya Daressalam (ndivyo Wajerumani walivyoandika) ilipitisha barua nyingi. Kituo kidogo cha bara kilipitisha chache. Stempu ileile, bei mbili tofauti.

Nafanya hivi:

1. Nasoma jina. Wilhelmstal ndiyo Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, Neu-Langenburg ni Tukuyu. Ukikuta muhuri wa LAMU au ZANZIBAR juu ya stempu ya Ujerumani, tulia kabisa! Posta ya Wajerumani Lamu ilikuwepo 1888 hadi 1891, ya Zanzibar 1890 hadi 1891 tu.

2. Nalinganisha tarehe na stempu. Stempu za pesa zilianza 1893, za heller 1905. Heller yenye muhuri wa 1902? Hiyo feki. Zenye G.E.A. ni za Mwingereza, za twiga wa Tanganyika zilitoka 1922.

3. Naangalia wino kwa lenzi. Umevuka kutoka kwenye stempu hadi kwenye bahasha? Safi. Umekatikia ukingoni mwa stempu? Huenda stempu ilibandikwa baadaye.

4. Sikati stempu wala siloweki. Bahasha nzima ndiyo ushahidi.

Kwenye tangazo weka picha mbele na nyuma, na moja ya karibu ya muhuri. Andika unachokisoma, usijaze "adimu sana" kwa kubahatisha. Mkusanyaji akigundua umemdanganya, harudi. Bei itafute kwenye zilizokwisha kuuzwa, siyo zinazotangazwa.

La mwisho: mama wa Feri au mzee wa Kariakoo akikuletea boksi la marehemu baba yake, mwambie ulichokiona kabla hamjapatana bei. Ukimpa elfu tano ya kitu unachojua kina thamani kubwa, hiyo siyo ujanja, ni dhuluma. Na boksi la pili atampelekea mwingine.

Una bahasha ndani? Soma muhuri leo, tuandikie hapa jina la posta.