UZI: Kabla useme "makabila hayaelewani," uliza kodi ya nyumba inaenda kwa nani

1/ Kila msimu wa kampeni lazima usikie: "Mtaa ule makabila hayaelewani." Ni rahisi kusema, lakini inaficha mengi. Tuchukue Kibera, hapa Nairobi, tuone ugomvi huanzia wapi. Twende polepole.

2/ Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ya kikoloni iliwaweka hapo askari Wanubi wa jeshi la KAR, asili yao Sudan. Hata jina ni lao: kibra, yaani msitu. Waliruhusiwa kukaa, lakini hati miliki hawakupewa. Shika hiyo.

3/ Jiji likakua. Watu wakaja kutafuta kazi kutoka Nyanza, Magharibi, Kisii, Ukambani, Mlima Kenya. Vyumba vya mabati vya kukodisha vikaongezeka. Kwa karatasi, ardhi ilikuwa ya serikali. Mlangoni, kila mwisho wa mwezi, kuna mtu anadai kodi. Na wenye nyumba wengi hawaishi huko.

4/ Sasa fikiria: hakuna hati, mkataba ni wa mdomo. Mwenye nyumba na mpangaji wakikosana, wachache sana watafika kortini. Kila mmoja anaita watu wake. Hapo ndipo deni la kodi linageuka kuwa "sisi na wao."

5/ Mwishoni mwa 2001 viongozi walisema hadharani kodi ya Kibera ipunguzwe. Hawakusema itapunguzwa vipi. Wapangaji wengi wakagoma kulipa, vita vikaanza, watu wakauawa, familia zikahama. Kwa vile wenye nyumba wengi waliohusika walikuwa Wanubi na wapangaji wengi Waluo, ikaitwa vita vya kabila. Chanzo kilikuwa kodi.

6/ Simaanishi kabila halina uzito. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Kibera na Mathare, watu walifukuzwa kwao kwa sababu ya kabila. Lakini angalia kilichofuata: nyumba zao zikakaliwa na wengine, kodi ikagoma kulipwa. Kura iliwasha moto, nyumba zikagombaniwa.

7/ 2017 Wanubi walipewa hati ya pamoja ya ekari 288. Kwao ni haki iliyochelewa miaka mingi. Mpangaji aliyezaliwa Kibera, na wazazi wake pia, anauliza: na mimi je? Wote wawili wana hoja. Mwanasiasa akimsikiliza mmoja tu, anapanda mbegu ya ugomvi mwingine.

8/ Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwenu na hadithi ya "watu wetu," muulize vitu vitatu:
– Ardhi hii ni ya nani kisheria?
– Kodi ikipandishwa ghafla, mpangaji aende wapi?
– Mwenye nyumba asipolipwa, yeye naye aende wapi?

Akikujibu kwa kutaja kabila, bado hajajibu.

9/ Huko kwenu kodi hupandishwa vipi, na mkikosana mnaenda kwa nani? Andika hapo chini, bila matusi ya kikabila tafadhali.