Je, Wajua? Ua la madirisha ya Ulaya limetoka Usambara

Lile ua dogo la zambarau lenye chavua ya njano katikati, linalopamba madirisha huko Ulaya na Marekani, asili yake ni misitu ya milima ya Tanzania na Kenya, ikiwemo ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia.

Porini huota juu ya miamba yenye kuvumwani, kivulini. Miti mikubwa ikikatwa, jua hukausha mwamba na mmea hufa. Inauma kuona maua ya aina hii yakijaa madukani ng'ambo huku ndugu zake wa porini wakizidi kupungua nyumbani.

Jamaa yake mmoja huota katika milima ya Uluguru.

Ukibahatika kupata mche kwa wauza maua wa Kinondoni au Temeke, jijini Dar es Salaam, usiuweke barazani penye jua la mchana. Uweke dirishani panapopata mwanga wa asubuhi, mbali na joto la bati. Mwagilia kupitia sahani ya chini, kwa kuwa maji baridi huacha madoa kwenye majani yake yenye manyoya. Ukitaka mwingine, kata jani moja pamoja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu. Baada ya wiki kadhaa, vichipukizi vitatokeza pale kikonyo kilipozama.