BAHARI HUTUAMBIA HABARI ZA MVUA

Mkulima wa Chanika, je, waweza kujua habari za vuli kabla hujaona wingu? Ndiyo. Bahari hutuambia.

Saa sita mchana mchanga wa pwani huunguza nyayo, lakini maji ya bahari bado ni baridi. Bahari haipati joto upesi, wala haipoi upesi. Joto lake hudumu wiki nyingi. Kwa hiyo wataalamu hulipima mapema.

Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, mvuke mwingi hupanda huku. Vuli huwa kubwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, 2019 na 2023. Upande wetu ukipoa, mvua hupungua. Mwaka 2022 vuli ilikuwa haba, na Dar es Salaam ikapata mgao wa maji.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri kabla ya vuli. Sikiliza redio. Ukisikia mvua ni nyingi, zibua mifereji na usipande bondeni. Ukisikia ni haba, panda mihogo na mtama, na weka akiba ya chakula.

Utabiri waweza kukosea. Basi sikiliza tena na tena, kwani hurekebishwa.