Kompyuta Kuukuu Haiponi kwa Barafu

Wako watu waliotumbukiza kompyuta nzima, feni zikiwa humo humo, ndani ya tangi la mafuta. Wako waliochomoa rejeta ndogo ya hita kwenye Pontiac Bonneville iliyochakaa, wakaiunganisha na pampu ya tangi la samaki na kuipitishia prosesa maji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 rejeta hiyo ilisakwa sana na wapenzi wa kompyuta huko Marekani. Mwaka 2024, mabingwa wa mchezo wa kukimbiza prosesa waliipoza kwa heliamu kimiminika prosesa ya Intel iitwayo Core i9-14900KS, wakaikimbiza hadi kupita gigahezi 9. Vituko hivi humwachia mwenye kompyuta ya miaka kumi inayojikokota wazo moja: kwamba kinachoila kasi yake ni joto, na kwamba akiipoza vya kutosha ujana wake utarudi. Wazo hilo ni kweli nusu. Joto linaweza kuipunguza mwendo kompyuta, lakini ubaridi wenyewe hauzai kasi. Huondoa kizuizi tu, pale kizuizi kinapokuwepo. Na katika kompyuta nyingi zilizozeeka, kizuizi kikubwa kiko mbali na joto.

Tuanze na asili ya joto lenyewe. Kila transista inapojiwasha na kujizima, chaji kidogo ya umeme hujazwa na kumwagwa, na nishati yake huishia kuwa joto. Kanuni ya kulikadiria ni fupi: joto hupanda sambamba na idadi ya mapigo ya prosesa kwa sekunde, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Balaa liko kwenye huo mraba. Tuseme prosesa inapiga gigahezi 3.0 kwa volti 1.2 na kutoa wati 65. Mwenyewe anataka ifike 3.6, na ili isiyumbe analazimika kuiongezea umeme hadi volti 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 20. Joto limeongezeka asilimia 52, yaani hadi karibu wati 99. Kipozeo kikubwa kinahitajika kwa sababu ya hizo wati za ziada. Chenyewe hakigusi mapigo, kwa kuwa mapigo hupangwa na fuwele ya kwatzi iliyo kwenye mazabodi, na fuwele hiyo haizeeki kwa namna ambayo mtumiaji angeweza kuihisi. Prosesa iliyopiga gigahezi 3 mwaka ilipotoka kiwandani inaweza kupiga gigahezi 3 leo.

Imani kwamba ubaridi huleta kasi ina historia yake, na wakati fulani ilikuwa na haki. Mwaka 1998 Intel iliuza prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, iliyopangiwa megahezi 300. Wajuzi waligundua kwamba ukibadilisha mpangilio mmoja kwenye mazabodi, njia yake ya data ikatoka megahezi 66 kwenda 100, nyingi kati ya prosesa hizo zilifika megahezi 450 kwa feni ya kawaida tu. Nusu nzima ya kasi ikapatikana bure. Zama hizo zilibebwa na jambo ambalo Robert Dennard wa IBM alilieleza pamoja na wenzake mwaka 1974: transista zikipunguzwa ukubwa, volti nayo inaweza kupunguzwa, hivyo joto kwa kila milimita ya mraba halizidi. Katikati ya miaka ya 2000 neema hiyo ilikatika, maana transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zilipozimwa, na volti haikushushika tena kama zamani. Oktoba 2004 Intel ilifuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkuu wake, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani kuomba radhi. Tangu hapo viwanda vimeongeza viini zaidi ya mapigo, na prosesa za leo hujipandisha zenyewe karibu na ukomo wao. Bure ile imebaki kidogo sana.

Rekodi zenyewe zinathibitisha hivyo. Heliamu kimiminika huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, baridi isiyopatikana popote duniani kwa njia ya asili. Lakini ile Core i9 hufikia gigahezi 6.2 kama ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo gharama na hatari zote hizo ziliongeza chini ya nusu. Mwaka 2011, AMD FX-8150 ilipofikishwa gigahezi 8.429, prosesa hiyo yenye viini vinane ilikuwa imebakiziwa viwili tu. Mapigo huhesabiwa kwa muda mfupi, yakapigwa picha kwenye skrini, basi. Hakuna anayeandika barua wala kuhariri video kwenye mashine ya namna hiyo. Kabla ya kumimina, wenye mchezo hupaka mazabodi vaselini na kuzungushia soketi sponji au mpira laini, kwa sababu unyevu wa hewani huganda juu ya chuma baridi, kisha ukiyeyuka huleta shoti. Haya ni mashindano, na yana utamu wake. Hayapaswi kuchukuliwa kuwa tiba.

Mtu anaweza kuuliza: mbona basi mashine kubwa za kisayansi na vituo vya data hutumia njia za ajabu vilevile? Jibu liko kwenye kile wanachokitafuta. Cray-2 ya mwaka 1985, kazi ya Seymour Cray, ilizamishwa kwenye Fluorinert, kimiminika cha kampuni ya 3M kisichopitisha umeme. Pigo lake moja lilichukua nanosekunde 4.1, na ili umeme uwahi kufika ilibidi nyaya ziwe fupi na kadi zibanane hadi hewa isipate pa kupita. Kasi ilitokana na ufupi wa nyaya. Kimiminika kiliruhusu tu mbano huo. Mfano wa Aquasar unashangaza zaidi. Kompyuta hiyo, iliyojengwa na IBM kwa ajili ya chuo cha ETH Zurich mwaka 2010, ilipozwa kwa maji ya nyuzi 60, moto wa kuunguza mkono, na bado chipu zilibaki chini ya nyuzi 85, huku joto lililobebwa likitumika kupasha majengo. Mwaka 2018 Microsoft ilizamisha seva 864 ndani ya chombo kilichojazwa nitrojeni kavu, baharini karibu na visiwa vya Orkney, Scotland. Zilipoopolewa mwaka 2020, kiwango cha kuharibika kilikuwa moja ya nane ya zile za nchi kavu. Faida iliyotangazwa ilikuwa uhai wa mashine na nafuu ya upozaji. Hakuna aliyedai kwamba bahari iliongeza kasi ya seva hata moja.

Mwenye tangi la mafuta sebuleni ana hoja yake pia, na haifai kuipuuza. Mafuta ya madini hayapitishi umeme, hayaruhusu vumbi, na kwa ujazo ule ule hubeba joto zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa. Hata hivyo kubeba ni kuhamisha, na mzigo lazima utuliwe mahali. Kompyuta inayotoa wati 200 ndani ya lita 40 za mafuta huyapandisha joto kwa takriban nyuzi 11 kila saa, tusipohesabu kinachotokea kwenye kuta za tangi. Saa za kwanza mwenyewe hufurahi; jioni anahitaji rejeta na feni, vitu vile vile alivyodhani amevikimbia. Mafuta hupanda taratibu kwenye nyaya kama utambi hadi mezani, ya kupikia huchacha, na hadidiski ya kawaida, yenye kitundu cha kupumulia, hufa ikizamishwa. Friji, kwa wanaoiweka kompyuta humo, nayo ina taabu mbili. Kompresa yake imeundwa kutoa joto la chakula kilichotulia, siyo la kifaa kinachowaka mchana kutwa. Halafu kuna umande: Dar es Salaam au Mombasa, hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi huanza kutoa jasho. Kwa wakazi wa pwani, kuipoza kompyuta kuliko chumba chake ni kuitafutia maji.

Hapo ndipo tunapoupata ule ukweli nusu. Prosesa za miaka hii hujilinda: zikikaribia kikomo, ambacho kwa nyingi ni karibu nyuzi 100, hupunguza mapigo zenyewe. Kompyuta mpakato ya gigahezi 3 inaweza kushuka hadi 1.5 bila kutoa onyo lolote. Kipozeo hakiwezi kuipoza prosesa kuliko hewa kinayoivuta, kwa hiyo chumba cha nyuzi 32 huiweka prosesa karibu nyuzi 14 juu ya pale ambapo ingekuwa katika chumba cha nyuzi 18. Mashine iliyokuwa ikipumua vizuri Iringa inaweza kukabwa Tanga. Ukiifungua, mara nyingi utakuta kati ya feni na mapezi ya hitisinki pamekaa tabaka la vumbi na nywele, limeshikana kama kitambaa cha kijivu, na hewa haipiti. Chini ya hitisinki, pesti imekauka na kupasuka. Pesti hiyo si pambo: nyuso mbili za chuma zikigusana huacha mianya isiyoonekana kwa macho, na shaba hupitisha joto mara 15,000 hivi kuliko hewa iliyojificha humo. Kuitengeneza mashine ya namna hii hakutaki heliamu. Shika feni isizunguke, puliza vumbi kwa blowa, futa pesti kuukuu kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko, kisha kaza skruu kwa kupishanisha. Mashine iliyokuwa imekabwa hurudisha kasi yake yote siku hiyo hiyo. Isiyokuwa imekabwa haitaongeza chochote.

Na nyingi zinazolalamikiwa hazijakabwa, zinangoja. Hadidiski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, hivyo kwa wastani husubiri milisekunde 4.2 ili data ipite chini ya sindano. Ongeza milisekunde 9 hivi za kuisogeza sindano hiyo, unapata 13 kwa kila kipande cha data kilichotawanyika. Programu inayohitaji vipande 3,000 vya namna hiyo ili ifunguke itachukua sekunde 39. Katika kila kusubiri kwa namna hiyo, prosesa ya gigahezi 3 imepiga mapigo milioni 39 bila kazi. Diski ya SSD hukijibu kipande hicho kwa takriban moja ya kumi ya milisekunde, na programu ile ile itasubiri data kwa sekunde 0.3. Kumwaga barafu juu ya prosesa ya mashine hiyo ni sawa na kuipoza injini ya daladala iliyokwama kwenye foleni. RAM ikiwa ndogo hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kurasa zisizotosha humo husukumwa kwenye diski hiyo hiyo iliyo goigoi.

Watakuwepo wa kupinga. Fundi mmoja atasema kwamba mazabodi za zamani hazifaidi SSD, kwani njia yake ya SATA ina ukomo wa megabaiti 300 kwa sekunde. Ni kweli kwa faili moja kubwa inayonakiliwa mfululizo. Lakini mateso ya kila siku hutokana na vipande vidogo vilivyotawanyika, na pale kinachookoa ni wepesi wa kujibu, ambao hauguswi na ukomo huo. Mwingine atasema anahariri video au anacheza gemu, na kwake prosesa ndiyo inayochemka. Huyo ana haki zaidi: kazi zinazoibana prosesa kwa dakika nyingi hufaidi kipozeo kizuri, ilimradi vipimo vionyeshe kwamba mapigo hushuka kazi inapopamba moto. Wa tatu atauliza faida ya kuhangaika na mashine ambayo Microsoft imeshaiacha, maana huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya 2017. Hilo ni tatizo la kweli, ila dawa yake ni programu. Linux nyepesi kama Lubuntu, au Mint yenye Xfce, hupokea masasisho ya usalama na huacha RAM kubwa zaidi kwa kazi za mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye kompyuta kuukuu lisiwe "niipoze kwa kitu gani?" bali "inasubiri nini?" Majibu yako wazi kwenye programu ya kupimia, bila kufungua hata skruu. Ipe kazi nzito kwa dakika 10 na usome namba nne: joto la prosesa, mapigo yake, matumizi ya diski na nafasi ya RAM. Joto likikaribia 100 huku mapigo yakishuka, anza na vumbi na pesti. Diski ikisoma asilimia 100 huku prosesa imetulia, fedha iende kwenye SSD. RAM ikijaa, iongezwe. Zote zikiwa shwari na kazi bado inachelewa, basi prosesa imefika mwisho wa uwezo wake, na bei ya kipozeo cha maji ni heri ichangie kununua mashine nyingine.