Unataka sinki la kisasa bafuni? Angalia kwanza maji yako

Leo tuongelee sinki la kunawia, lile la bafuni, ambalo watu wengi siku hizi wanalichagua kwa picha waliyoiona kwenye simu.

Mwaka jana shangazi yangu anayeishi Mamba, kule Mpimbwe mkoani Katavi, alimaliza bafu la ndani. Nyumba ameijenga kwa pesa ya mpunga, msimu huu tofali, msimu ujao bati, hivyo hivyo mpaka akafika kwenye tailizi. Watoto wake walioko Dar es Salaam wakaona wampongeze mama yao. Wakamtumia kwa basi sinki la kioo, lile la bakuli linalokaa juu ya meza, pamoja na bomba lake refu linalomwaga maji kama maporomoko.

Lilifika zima, na hilo peke yake ni la kushukuru ukiijua njia. Kutoka Mpanda unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unatokea Kibaoni, halafu Usevya, Majimoto, ndipo Mamba. Fundi akalifunga. Likapendeza kweli, majirani wakaja kuliona.

Nilipomtembelea miezi michache baadaye nikakuta ndoo na kopo mlangoni mwa bafu. "Mwanangu," akaniambia, "lile sinki ni la wageni kuangalia. Sisi tunanawa hapa."

Nikaingia kuangalia. Maji yanachuruzika kama machozi. Wajukuu hawafikii bomba. Kuna harufu inapanda kutoka shimoni. Na kioo chenyewe kimejaa madoa meupe. Sinki halikuwa bovu hata kidogo. Tatizo ni kwamba lilichaguliwa na watu wasioujua vizuri maji wala ukuta wa nyumba ile.

Maji yanasukumwa na urefu wa tenki

Hili ndilo kubwa, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Kama hauna pampu, nguvu ya maji bombani inatoka kwenye kimo cha tenki tu. Kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya baa 1. Unapima kutoka usawa wa maji ndani ya tenki kushuka mpaka mdomo wa bomba. Ukubwa wa tenki hausaidii kitu hapa. Tenki la lita 5,000 lililokaa chini litashindwa na pipa la lita 200 lililokaa juu.

Tenki la shangazi liko kwenye kichanja cha mbao ambacho mtu mrefu akinyoosha mkono anakigusa. Yaani mita 2 na kidogo kutoka chini. Bomba la lile sinki, kwa sababu limepanda juu ya meza na lenyewe ni refu, mdomo wake uko zaidi ya mita 1 kutoka sakafuni. Maji yakipungua kwenye tenki inabaki tofauti ya mita 1 hivi, ambayo ni baa 0.1.

Sasa soma boksi la bomba la kisasa, hasa miksa zile za maji ya moto na baridi. Nyingi zimeandikwa zinahitaji angalau baa 0.5, nyingine baa 1. Hiyo ni mita 5 mpaka 10 za kimo juu ya bomba. Nani kijijini ana mnara wa mita 10? Bomba la maporomoko ndiyo kabisa, linataka maji mengi yaje kwa pamoja ili yatandike vizuri. Yakija kidogo yanajikunja na kudondokea ukingoni.

Kabla hujanunua chochote fanya jaribio hili. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, iweke kwenye bomba lolote la ndani, fungua mpaka mwisho, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 15 unapata lita 6 kwa dakika, chagua bomba unalotaka. Ikijaa kwa sekunde 30 unapata lita 3, na hizo zinatosha kabisa kunawa, ila chukua bomba la kawaida la maji baridi, lenye tundu pana. Ikichukua dakika nzima, basi pesa ya sinki la kifahari iweke kwanza kwenye kichanja. Pandisha tenki, tumia bomba nene kidogo, punguza kona.

Lakini unapopandisha kumbuka uzito. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000. Hiyo ni tani nzima juu ya kichwa chako, na mti ulioliwa na mchwa hautakupigia simu kabla ya kuanguka.

Na kama maji unayabeba kwa ndoo kujaza tenki, usitamani presha kubwa. Kila lita imepita mgongoni au kichwani kwa mtu. Sinki lenye kina na mdomo wa wastani litakufaa kuliko lile pana la bapa kama sahani, ambalo maji yakigonga tu yanarukia nguo.

Nani atanawa hapo?

Urefu uliozoeleka wa sinki ni sentimita 80 mpaka 85 kutoka sakafu iliyokwisha wekwa tailizi hadi ukingo wa juu. Makosa ya masinki ya bakuli yanaanzia hapa. Fundi anajenga meza kwa sentimita 85 alizozoea, halafu bakuli la sentimita 15 linakaa juu yake. Tayari umefika mita 1. Mtu mzima ananawa maji yakimshukia kwenye viwiko, mtoto wa miaka 5 hafiki kabisa.

Mtoto asiyefika hanawi. Anatoka chooni anakwenda kushika ugali. Kipindupindu na kuhara vinapita njia hiyo hiyo, na sinki la bei kubwa haliwezi kukukinga kama limekaa mahali ambapo mikono haifiki.

Kama umelipenda bakuli, lipime kimo chake kwanza, kisha toa kwenye 80 au 85. Bakuli la sentimita 14 linataka meza ya sentimita 66 mpaka 71. Fundi atakushangaa, mwambie ajenge hivyo hivyo.

Harufu: kuna fundi amekuibia kona

Chini ya kila sinki panatakiwa bomba la kupinda, mafundi wanaliita trapu. Ile pinda haipo kwa urembo. Inabakiza maji kidogo, kina cha sentimita 5 mpaka 7 hivi, na hayo maji ndiyo kizibo. Hewa chafu ya shimoni inakuja, inayakuta, inarudi. Mende na mbu wa kwenye shimo nao wanakwamia hapo. Ni ujanja wa zamani. Mskoti mmoja fundi wa saa, Alexander Cumming, aliupatia hataza mwaka 1775 kwa ajili ya choo cha maji, na mpaka leo hakuna aliyeleta kitu rahisi zaidi.

Kwa shangazi bomba lilikuwa limeshuka moja kwa moja. Nilipouliza nikaambiwa fundi alisema "kona zinaziba." Ni kweli zinaziba, ndiyo maana trapu nzuri inafunguliwa kwa mkono, unamwaga uchafu, unafunga. Lile bomba la plastiki la mikunjomikunjo ambalo linauzwa kila duka likunje basi angalau liwe na pinda, ingawa mikunjo yake inashika nywele na mabaki ya sabuni haraka. Kama una uwezo nunua trapu ya chupa au ya pinda iliyo laini ndani.

Bomba la kutolea maji liwe la inchi 1 na robo au zaidi, na lilazwe kwa mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Bafu la wageni lisilotumika, mwaga kopo la maji kwenye sinki kila wiki, maana kile kizibo kinakauka.

Wengi huku maji ya sinki wanayapeleka kwenye migomba badala ya shimo la choo. Mimi naunga mkono, mradi uwe ni maji ya kunawa na sabuni ya kawaida, sio dawa za kusafishia choo.

Ukuta utabeba?

Sinki la kuning'inia ukutani linapendeza, sakafu inabaki wazi na kudeki ni rahisi. Lakini nyumba nyingi tumejenga kwa tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, halafu juu tukapiga plasta ya saruji. Bolti inashika plasta, ndani hakuna kitu. Siku mzee anajiegemeza akitoka kuoga, au mtoto amepanda apige mswaki, linang'oka.

Sinki la seramiki likivunjika linakatika vipande vyenye makali kama wembe. Hili sio jambo la kutishana, ni la kuzuia mapema. Ukuta kama huo chukua sinki lenye mguu wake, au jenga vijikuta viwili vya tofali na ubao wa zege juu yake, uzito ushuke sakafuni. Hata lile la mguu likazwe ukutani kwa nyuma, maana mguu unabeba uzito lakini hauzuii sinki kuvutwa mbele.

Aina na rangi

Seramiki nyeupe ndiyo isiyokuangusha. Inapikwa kwenye joto kali sana mpaka uso unakuwa kama kioo, haili rangi, haiogopi limau. Ya umbo la mraba au ya ukingo mwembamba inaonekana ya kisasa kuliko lile duara la zamani, kwa tofauti ndogo ya bei.

Kioo ni kizuri dukani. Nyumbani kila tone linaacha alama. Jirani zetu Majimoto wamepewa jina na chemchemi za maji ya moto, na ardhi ya bonde hili ina madini yake. Maji ya kisima yenye chokaa yakikauka yanaacha weupe. Yenye kutu ya chuma yanaacha hudhurungi. Kwa hiyo weka maji yako kwenye sahani nyeupe na nyingine nyeusi, yaache yakauke juani, angalia. Kama doa ni jeupe, sinki jeusi au la kioo litakutesa. Kama ni la kutu, jeupe ndilo litakaloonyesha. Chokaa inatoka kwa siki au limau kwenye kioo na seramiki.

Stenlesi iache jikoni. Hayo ni maoni yangu.

Halafu kuna terazo. Watu wanaidharau kwa sababu wameizoea kwenye masinki ya jikoni na sakafu za ofisi za zamani, kumbe huko duniani imerudi kwa kishindo na inauzwa ghali. Ni saruji nyeupe na chenga za mawe, inasuguliwa mpaka inang'aa. Ukipata fundi anayejua kusugua, anakutengenezea hapo hapo kwako, kwa kimo chako, kwa rangi ya chenga unazotaka, na haipandi basi. Kasoro yake ni asidi. Limau, siki na ile dawa kali ya choo vinaila, sawa na vinavyokula marumaru ya asili. Isafishe kwa sabuni tu.

Ukifika dukani

Sinki la seramiki ligonge kwa kifundo cha kidole. Likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti ya kufa lina ufa hata kama hauuoni. Lilaze sakafuni lisicheze. Mulika tochi ya simu, angalia vitundu kwenye rangi. Tazama kama lina tundu dogo la kupunguzia maji karibu na ukingo. Kama lipo, nunua kitoleo chenye uwazi ubavuni. Kama halipo, usiweke kizibo cha kufunga, maana mtoto akisahau bomba wazi maji yatafurika mpaka sebuleni.

Likitumwa kwa basi, fungua boksi pale pale stendi, kabla gari haijaondoka.

Kwa shangazi tulibomoa ile meza. Fundi wa pale pale akamjengea sinki la terazo lenye chenga nyekundu na nyeusi, ukingo sentimita 78, bomba la kawaida, trapu ya kufungua kwa mkono, na kichanja kikaongezwa mita 1 na nusu kwa nguzo mpya. Lile la kioo limerudi kwenye boksi lake chini ya kitanda, anasema atampa mwanawe wa kwanza atakayejenga ghorofa. Ndoo na kopo vimerudi jikoni.