Mtetemo wa Mwili: Tiba au Taabu? Mazungumzo Kutoka Lodwar



Juma hili tunawachukua wasomaji wetu mbali na upepo wa bahari hadi Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, mji wa jua kali ulio kando ya Mto Turkwel. Huko tulikuwa wageni wa jamaa mmoja wenye asili ya Mombasa. Bi mkubwa wa nyumba hiyo alikuwa amekwenda kumlea binti yake aliyejifungua, kumkanda na kumpikia uji wa pilipili manga kama ilivyo ada yetu. Arobaini ilipokwisha hakuweza kurejea, kwa kuwa safari ya kwenda ilikuwa imemwachia maumivu ya kiuno na magoti. Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Kitale, Kitale hadi Lodwar: siku kadhaa za kukaa juu ya kiti kinachorusharusha. Tangu siku aliyoshuka garini alikuwa akiswali kitini.

Binti yake, kwa mapenzi ya mtoto kwa mzazi, alikuwa ameona katika simu tangazo la mashine ya mtetemo. Ni kibao cha umeme ambacho mtu husimama juu yake kwa dakika kumi hivi, nacho kikamtetemesha mwili mzima. Tangazo liliahidi mengi: mifupa kukaza, mafuta kuyeyuka, kiuno na magoti kupona. Binti alikuwa ameanza kuweka akiba, akatutaka ushauri. Kabla hatujajibu, mama alisema:

"Mwanangu, mtetemo ndio ulioniumiza njiani, leo wataka kuniletea mwengine nyumbani? Mimi sitaki mengi. Nataka paji langu la uso lifike chini."

Tuliona kwamba swali la mama huyu ni la nyumba nyingi. Mashine hizi zimeingia madukani na katika vyumba vya mazoezi vya miji yetu, na wanaoshawishiwa kuzinunua ni kina mama. Yafaa basi tujue kitu kimoja kinawezaje kuwa dhara njiani na dawa nyumbani, na ahadi hizo zina ukweli kiasi gani.

Mtetemo wa njiani

Mwili wa binadamu hautetemi kama kipande kimoja cha mti. Kila sehemu ina mwendo wake unaoipata zaidi. Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi huathirika sana na mitetemo ya polepole, kiasi cha minne hadi minane kwa kila sekunde, na hiyo ndiyo mitetemo inayotoka kwenye magari mazito na barabara mbovu. Mtu akiketi juu yake kwa saa nyingi, misuli ya mgongo huchoka, na zile pingili laini zilizo baina ya mifupa ya uti hubanwa na kuachiwa mara maelfu. Ndiyo maana maumivu ya kiuno ni mengi kwa madereva wa malori, wa matrekta na wa mitambo ya ujenzi.

Nchi nyingine zimelitungia jambo hili sheria. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo linalowataka waajiri wapime mtetemo unaompata mfanyakazi katika saa 8 za kazi, na waupunguze ukizidi kiwango kilichowekwa. Msafiri wa kaskazini mwa Kenya hana anayempimia. Kutoka Lodwar hadi Kakuma, mahali penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, ni kiasi cha kilomita 120, na kwa miaka mingi wasafiri wa njia hiyo, wakiwamo wajawazito na wagonjwa waliokuwa wakipelekwa hospitali, waliijua kila shimo kwa mifupa yao. Mama yetu hakukosea aliposema mtetemo ulimuumiza.

Mtetemo wa dawa

Fikra ya kutibu kwa mtetemo si ngeni. Katika karne ya 19 tabibu wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, aliona kwamba wagonjwa wake wa maradhi ya Parkinson walijisikia nafuu baada ya safari ndefu za garimoshi au gari la farasi. Akatengenezesha kiti cha kutetema, akakieleza kwa wenzake mwaka 1892. Kiti hicho kilisifiwa, kisha kikasahauliwa. Mwaka 2012 madaktari wa Chicago walilirudia jaribio lake: wagonjwa wengine wakatetemeshwa huku wakisikiliza sauti za kutuliza, na wengine wakasikiliza sauti hizo tu bila kutetemeshwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa. Kilichosaidia, yaonekana, kilikuwa kule kuketi, kutulia na kushughulikiwa.

Kuhusu mifupa, hamu ilianza upya kwa sababu ya wasafiri wa angani. Huko juu mwili hauna uzito, na mifupa isiyobeba kitu hudhoofika; msafiri aweza kupoteza kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mifupa ya nyonga na uti kwa kila mwezi. Wataalamu wakauliza: je, mtetemo mdogo waweza kuudanganya mfupa, ukadhani unabeba mzigo? Mwaka 2001 Clinton Rubin na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kondoo waliosimamishwa juu ya kibao kinachotetema mara 30 kwa sekunde, dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwaka mzima. Sehemu ya ndani ya mfupa wa paja ilikaza kwa zaidi ya asilimia 30. Habari hiyo ilienea duniani, na wafanyabiashara wakaipokea kwa mikono miwili.

Lakini kondoo si bibi yetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Leuven, Ubelgiji, waliwapima wanawake 70 waliokwisha kukoma hedhi. Baada ya miezi sita, waliofanya mazoezi juu ya kibao waliongeza nguvu za misuli ya miguu, na mifupa ya nyonga ikakaza kwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya Toronto, Kanada: wanawake 202 waliokoma hedhi na mifupa yao ikaanza kuwa myepesi. Wote walipewa kalsiamu na vitamini D, na baadhi yao wakasimama juu ya kibao dakika 20 kila siku kwa miezi 12. Mwisho wa mwaka mifupa ya waliotetemeshwa haikuwa bora kuliko ya wasiotetemeshwa.

Kwa muhtasari, kibao cha mtetemo chaweza kuiamsha misuli, hasa ya mtu dhaifu asiyeweza mazoezi mengine, na zaidi ikiwa juu yake anakunja magoti na kujinyoosha badala ya kusimama kama nguzo. Kuhusu mifupa, faida yake ni ndogo au haionekani. Kuyeyusha mafuta kwa kusimama tu hakujathibitika. Nazo mashine hazilingani: ya hospitali hutetema kwa kipimo kinachojulikana na chini ya jicho la mtaalamu, ilhali ya dukani yaweza kurusha mwili kwa nguvu kubwa mno.

Tena wako wasiopaswa kuikaribia bila ya idhini ya daktari: mjamzito, mwenye damu iliyoganda mishipani, aliyevunjika au kupasuliwa karibuni, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwenye mawe ya figo au ya nyongo, na mwenye maumivu makali ya mgongo ambayo sababu yake haijulikani. Mama yetu wa Lodwar alikuwa katika hao wa mwisho.

Funzo la wenyeji

Jawabu la pili lilikuwa nje ya mlango. Asubuhi, kabla jua halijapanda, wanawake wa Kiturkana hupita wakienda sokoni, kichwani maji au kuni, shingo imenyooka kama mlingoti. Wengine huketi kivulini wakisuka vikapu kwa majani ya mkoma, mti uleule ambao bibi zetu wa pwani huchambua miyaa yake wakashona mikeka.

Wataalamu wamewachunguza Waturkana kwa makini. Mwaka 2020 lilichapishwa jarida la utafiti uliowapima watu wazima 1,226 wa kabila hilo, kuanzia wafugaji wa kuhamahama hadi waliohamia mijini. Wafugaji, na hata waliolegeza ufugaji lakini wakabaki vijijini, walikuwa na afya nzuri ya moyo na sukari. Waliohamia mijini, wakala vyakula vya viwandani na kupunguza mwendo, walikutwa na uzito uliozidi, na shinikizo la damu na sukari vikiwa juu zaidi. Damu ni moja, asili ni moja. Kilichobadilika ni maisha.

Hatusemi haya ili kuipamba taabu. Mwanamke anayetembea saa nyingi kutafuta maji hafanyi mazoezi, anatafuta uhai, na ukame umeziua mbuzi za wengi na kuwalaza watoto na njaa. Mzigo uliozidi nao huumiza mgongo. Tunachosema ni kwamba mfupa na misuli vinajua lugha moja: kubeba uzito wa mwili, kutembea, kuinama na kuinuka. Kibao cha mtetemo kinajaribu kuiiga lugha hiyo. Mwenye uwezo wa kuizungumza mwenyewe hana haja ya mkalimani.

Na sisi wa pwani tujihoji. Wangapi katika mama zetu hushinda ndani kutwa, kutoka kitandani hadi kochi, chakula huletwa, nguo hufuliwa, nasi tukidhani huko ndiko kuwatukuza? Tunawapumzisha hadi tunawadhoofisha. Jua limejaa, lakini haliwafikii. Na ngozi isiyopata jua huikosesha mifupa vitamini D. Stara haizuii jambo hili. Wazee wetu walijenga nyumba zenye ua wa ndani, mwanamke akaota jua bila ya kuonwa na mtu.

Walivyofanya

Tulimshauri binti asinunue mashine kwanza, ampeleke mama yake hospitali. Daktari akamchunguza, kisha akamkabidhi kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Mazoezi aliyopewa hayakuhitaji umeme. La kwanza ni kuketi juu ya kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kisha kuinuka na kuketi tena polepole, mara tano, asubuhi na jioni, akiongeza kadiri anavyoweza. La pili ni kusimama ameshika meza, akiinua mguu mmoja na kuuteremsha, kisha wa pili, ili mwili ujifunze kutoyumba. La tatu ni kutembea uani baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri, kabla na baada ya joto kali. Kwa hayo akaambiwa asiache maziwa, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na kulipata jua la asubuhi kidogo.

Shirika la Afya Duniani nalo linawashauri wazee wafikishe walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku tatu au zaidi. Lengo kubwa ni kuzuia kuanguka, kwa kuwa mzee akivunjika nyonga mara nyingi harejei alivyokuwa.

Kuhusu swala, tunapenda kuwakumbusha wasomaji kwamba ni ibada, wala hatuisimamishi kwa nia ya mazoezi. Lakini ni katika rehema za Mwenyezi Mungu kwamba anayesimama, kurukuu, kusujudu na kuketi mara tano kwa siku huviweka viungo vyake katika mwendo. Na anayeshindwa amepewa ruhusa ya kuswali kitini, tena hapungukiwi kitu mbele ya Mola wake. Asilazimishwe kuinama na wanaomhimiza, wala asikatishwe tamaa na wanaomwona ameshazeeka.

Siku tuliyoaga Lodwar bi mkubwa alikuwa bado anaswali kitini. Miezi miwili baadaye binti yake alituletea salamu. Akiba ya mashine ilikwenda katika nauli za kliniki na jozi ya viatu vyema vya kutembelea. Maumivu hayajaisha yote. Lakini mama huinuka kitini bila ya kushika mkono wa mtu, na kila jioni huzunguka ua akiwa na mjukuu begani. Juu ya sijda bintiye alisema: amekwishaweza kushuka chini, kilichobaki ni kuinuka, na kila siku anakijaribu, binti akiwa kando yake.

Wasomaji wetu, mwili ni amana, na amana haitunzwi kwa tangazo. Kabla ya kumnunulia mama mashine, mshike mkono utembee naye. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na wepesi, awaponye wagonjwa wetu, na awaondolee uzito wasafiri wote wa njia ndefu. Amin.