Kisangani: Redio za kaseti zilizonusurika Vita vya Siku Sita

Miaka ya 1980 na 1990, almasi ilipochangamsha biashara Kisangani, fahari ya sebule ilikuwa redio ya spika mbili, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Sony, Aiwa, Panasonic: redio, kaseti mbili na baadaye CD, vyote pamoja.

Aliyebaki nayo haiuzi kirahisi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inataja zaidi ya nyumba 400 zilizoharibiwa, pamoja na vilivyokuwemo.

Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Congo dola milioni 325 kwa vita vya 1998 hadi 2003, milioni 40 kati yake zikiwa za mali. Mfuko wa fidia, FRIVAO, una makao yake papa hapa Kisangani. Lakini nani ametunza risiti ya redio iliyoteketea miaka zaidi ya 20 iliyopita?

Zilizonusurika huumwa uzee. Mpira unaozungusha kaseti hulegea, mwingine huyeyuka kama lami. Kichwa cha kusomea husafishwa kwa pamba na spiriti. Mpira lazima utafutwe kwenye mashine iliyokufa.

Na mashine mbovu hutafuna utepe. Rumba ya Franco inapatikana kwenye simu. Sauti ya marehemu baba, iliyorekodiwa arusini, haina nakala. Redio inaweza kwenda kwa fundi. Kaseti hiyo hubaki nyumbani.